Waliobaki Mlangoni: Njia ya Mtakatifu Yakobo na Monasteri Zake



Leo tunakwenda kaskazini mwa Hispania, kwenye njia ya miguu iendayo Santiago de Compostela. Huko, kwa zaidi ya miaka 1,100, Wakristo wameamini kwamba amezikwa Mtume Yakobo, mwana wa Zebedayo, ndugu yake Yohana. Mapokeo yanasema kaburi liligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 9, zama za Askofu Teodomiro wa Iria Flavia na mfalme Alfonso II wa Asturias. Tangu hapo watu hawajaacha kuja kwa miguu kutoka pande zote za Ulaya. Njia ni nyingi, ila inayopitwa na wengi zaidi ni ile iitwayo Njia ya Wafaransa. Inaanzia mji wa Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, inapanda milima ya Pyrenees, halafu inashika magharibi kwa karibu kilomita 800.

Habari za njia hii kwa kawaida husimuliwa na mtembeaji, na huwa habari za mtembeaji: malengelenge ya miguuni, mvua za Galicia, machozi mbele ya kanisa kuu. Mimi nimeitembea sehemu ya njia hiyo, na malengelenge nayajua. Lakini jioni hii nataka tuzungumze habari za watu wasiotembea, watu waliokaa mahali pamoja maisha yao yote ili wengine wapate kupita. Nasadiki kwa moyo wote kwamba njia hii ni kazi ya mikono yao kuliko ilivyo kazi ya miguu yetu.

Nianze na mtu aliyefukuzwa mlangoni.

Aliitwa Domingo. Alizaliwa yapata mwaka 1019 katika kijiji kidogo cha Viloria, akachunga kondoo utotoni, na alipokua akataka kuwa mmonaki. Akaenda kubisha hodi kwenye monasteri ya Valvanera, huko milimani. Wakamkataa. Akaenda San Millán de la Cogolla, monasteri kubwa na yenye sifa, ambayo wasomi wanaiheshimu mpaka leo kwa sababu pembezoni mwa kitabu kimoja cha Kilatini kilichotunzwa pale, wamonaki waliandika baadhi ya maneno ya mwanzo kabisa kuandikwa kwa Kihispania na kwa Kibaski. Huko nako wakamkataa. Inasemekana hakuwa na elimu ya kutosha.

Mtu mwingine angerudi kwenye kondoo wake. Domingo aliingia msituni karibu na mto Oja, akaishi peke yake kama mkaapweke, na hapo ndipo alipowaona mahujaji wakihangaika. Njia ilipita kwenye miti mikubwa na matope, mto haukuwa na daraja, na msituni wanyang'anyi walijificha. Akachukua shoka na mundu, akaanza kufyeka. Akatandika njia ya mawe. Akajenga daraja juu ya mto Oja. Akajenga na hospitali, yaani nyumba ya kupokea mahujaji, wazima na wagonjwa, na akawahudumia kwa mikono yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1109. Mji uliokua kuzunguka kazi yake unaitwa mpaka leo Santo Domingo de la Calzada, Mtakatifu Domingo wa Barabara, na wahandisi wa barabara na madaraja wa Hispania wamemchukua kuwa msimamizi wao mbinguni.

Watalii wengi wanaoingia kanisa kuu la mji huo hutazama juu ukutani, kwenye kibanda cha mawe na vyuma ambamo wamo jogoo na tetea, hai, wanaowika na kutetea hata wakati wa misa. Wapo kwa ajili ya kisa cha kijana hujaji aliyenyongwa kwa kusingiziwa wizi, akakutwa bado hai kwenye kamba. Hakimu aliyekuwa mezani akasema kijana huyo yu hai kama kuku hawa wa kuchoma walivyo hai, na kuku wakainuka kwenye sahani. Kisa kizuri, na watoto wanakipenda. Ila ninawaomba wanaofika pale washuke pia kwenye kaburi la Domingo, chini palepale. Monasteri mbili zilimfungia mlango, naye akatumia maisha yake kuwafungulia wengine.

Na kazi hiyo ilikuwa na mrithi. Mwanafunzi wake, Juan, alikwenda mbele kidogo, kwenye vilima vya Montes de Oca, pahali palipoogopwa na mahujaji kuliko pengine pote kwa sababu ya majambazi, akajenga kanisa na nyumba ya wageni katikati ya pori. Leo panaitwa San Juan de Ortega. Ndani ya kanisa hilo kuna nguzo yenye mchongo wa Bikira Maria akipashwa habari na malaika. Mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Septemba, usiku na mchana vinapolingana, mwali wa jua la jioni hupenya dirishani na kuangaza mchongo huo kwa dakika chache. Watu husafiri kutoka mbali kuuona mwali. Lakini mahujaji wa miaka ya karibuni wanakumbuka zaidi supu. Padre wa parokia ile, mzee aliyefariki mwaka 2008, kwa miaka mingi aliwaalika mezani wote waliokwisha kusali misa ya jioni, akawapa supu ya kitunguu saumu na mkate. Hakuna aliyeulizwa dini yake wala fedha yake.

Ili tuelewe mambo haya yanatoka wapi, turudi kwa Mtakatifu Benedikto. Katika karne ya 6, huko Italia, aliandika Kanuni ya kuongoza maisha ya wamonaki, na sura ya 53 ya Kanuni hiyo inahusu wageni. Inaagiza kila mgeni afikaye apokewe kama Kristo mwenyewe, na inataka maskini na mahujaji waangaliwe kwa uangalifu zaidi, kwa maana tajiri hupokewa vizuri kila mahali hata bila ya sheria. Wazee wetu waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, walikuwa wakitembea karibu sana na wazo hilo.

Ndiyo maana ukitazama ramani ya Njia ya Wafaransa utaona monasteri na nyumba za wageni zimepangana kwa mwendo wa miguu. Unaposhuka kutoka Pyrenees unakutana na Roncesvalles, ambako hospitali ya mahujaji ilianzishwa karne ya 12 na kuendeshwa na makanoni wa Mtakatifu Augustino. Juu yake, kwenye kipito cha Ibañeta, kengele ilipigwa giza linapoingia na ukungu unaposhuka, ili aliyepotea afuate sauti. Utenzi mmoja wa Kilatini wa zama za kale unaisifu hospitali hiyo kwamba mlango wake ulikuwa wazi kwa Wakatoliki na kwa Wayahudi, kwa wapagani na hata kwa wazushi. Na kwamba mgeni alioshwa miguu, akanyolewa, viatu vyake vikashonwa. Siku chache mbele, chini ya mlima Montejurra, ipo Irache, monasteri ya Wabenediktini iliyokuwa na hospitali ya mahujaji tangu katikati ya karne ya 11, kabla hata ya ile ya Roncesvalles.

Sitapita kila kituo, saa haitoshi. Ila kuna kimoja ambacho siwezi kukiruka.

Ukitoka kijiji cha Hontanas asubuhi, njia inafuata bonde lenye mashamba ya nafaka, kisha inaingia kwenye barabara ya lami yenye miti pembeni. Ghafla mbele yako, juu ya lami hiyohiyo, pamesimama tao kubwa la mawe, refu kama nyumba ya ghorofa, na barabara inapita chini yake. Ni magofu ya San Antón. Hapa waliishi Waantoni, shirika la watawa waliovaa alama ya msalaba wenye umbo la herufi T, na nyumba yao hii ilianza karne ya 12. Nilisimama chini ya tao lile, malori madogo ya wakulima yakipita kando yangu. Ng'ambo ya mlango wa kanisa, ukutani, kuna matundu mawili yaliyochongwa kama shubaka, kimo cha mkono wa mtu. Kazi yake? Hujaji aliyechelewa, akafika usiku lango limefungwa, alikuta humo mkate. Aliyeuweka hakumwona aliyeula. Nilitia mkono ndani ya shubaka moja. Mawe yake ni laini kwa kupapaswa.

Waantoni walikuwa na kazi nyingine, na hii inastahili kuelezwa taratibu. Zama zile Ulaya ilikuwa na ugonjwa wa kutisha ulioitwa Moto wa Mtakatifu Antoni. Mgonjwa aliungua ndani kwa ndani, vidole vikawa vyeusi, vikakauka, vikakatika. Watu hawakujua chanzo chake. Leo tunajua: kuvu huota kwenye masuke ya rai, nafaka ya jamii ya ngano iliyokuwa chakula cha maskini wa nchi za baridi, na sumu yake hubana mishipa ya damu. Aliyeugua huko kaskazini akafunga safari ya kwenda Santiago, aliondoka kwenye mkate ule wenye sumu akaingia nchi ya mkate wa ngano. Waantoni wakampa ngano safi, divai, wakamwosha vidonda, wakamwombea. Wengi walipata nafuu. Wewe msikilizaji unaweza kusema ni mkate, mwingine atasema ni maombi. Mimi naona mikono iliyokata mkate ule na kufunga vile vidonda, na hiyo inanitosha. Shirika hilo lilivunjwa mwishoni mwa karne ya 18, paa la kanisa likaanguka. Leo, katika miezi ya joto, ndani ya magofu hayo wapo wahudumu wa kujitolea wanaopokea mahujaji wachache walale humo, bila umeme. Wanakula pamoja meza moja.

Sasa, nisije nikaonekana napamba. Monasteri hizi hazikuwa zote nyumba za huruma. Nyingi zilikuwa na mashamba, mashine za kusaga, kodi na mahakama zao. Sahagún, ambako wafalme waliwekeza mali nyingi na Alfonso VI mwenyewe akazikwa, wenyeji wa mji walimwasi abate mwanzoni mwa karne ya 12 kwa sababu ya ukandamizaji. Nyumba inaweza kumwosha mgeni miguu huku inamkamua jirani. Hilo lipo katika historia na halina haja ya kufichwa.

Lakini yaliyofuata yalichukua vyote, chungu na tamu. Kati ya mwaka 1835 na 1837, serikali ya Hispania, chini ya mpango unaobeba jina la waziri mkuu Juan Álvarez Mendizábal, ilifunga monasteri za wanaume na kuziuza mali zake ili kulipa madeni ya nchi na gharama za vita. Wamonaki wakatoka na mabunda yao. Sahagún leo, mahali pa abasia ile kubwa, utakuta mnara na lango moja la mawe, na magari yanapita chini yake kwenda sokoni. San Zoilo pale Carrión de los Condes ni hoteli. San Marcos ya León, hoteli ya kifahari. Hata hospitali ya Domingo, ile aliyoijenga kwa ajili ya mahujaji maskini, ni hoteli inayomilikiwa na serikali. Irache ilirudiwa na watawa baadaye, lakini nao waliondoka miaka ya 1980 kwa uhaba wa miito. Kando yake kampuni ya divai imeweka mabomba mawili ukutani, moja la maji na moja la divai, na mahujaji hupanga foleni kunywa bure. Wanapiga picha, wanacheka, wanaendelea. Nyuma ya ukuta, monasteri ni tupu.

Ofisi ya mahujaji ya Santiago hutoa hati kwa kila aliyetembea angalau kilomita 100 hadi Santiago. Mwaka 1985 hati hizo hazikufika 1,000. Mwaka 2024 zilikaribia 500,000. Katikati ya namba hizo mbili yumo padre mmoja wa kijijini, Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro, kijiji cha nyumba za mawe zilizoezekwa nyasi, juu kabisa mlimani pale unapoingia Galicia, ambapo zamani Wabenediktini walikuwa na nyumba ya mahujaji. Valiña aliisoma historia ya njia hii mpaka akapata udaktari, akaona wazi kwamba watu hawaji kwa sababu hawajui pa kupita. Mwaka 1984 alipakia rangi ya njano kwenye gari lake dogo, akazunguka akichora mishale juu ya miti, mawe na kona za nyumba kuelekea Santiago. Mishale ile ya njano ndiyo anayoifuata kila hujaji leo. Alifariki mwaka 1989, hajaona mafuriko ya watu. Sanamu yake ipo kando ya kanisa lake.

Na sasa, wasikilizaji wa Tanzania, hasa mlioko Ruvuma, Lindi na Mtwara, sogezeni redio karibu.

Kabla ya kupanda kwenye Msalaba wa Chuma, sehemu ya juu ambapo kila hujaji huacha jiwe alilobeba kutoka kwao, kuna kijiji kiitwacho Rabanal del Camino. Mwaka 2001, miaka mingi baada ya monasteri za njia ile kufungwa, wamonaki walifungua hapo monasteri mpya. Ni Wabenediktini wa St. Ottilien, kutoka Ujerumani. Wenyeji wa kusini mmekwisha kutambua: ni shirika lilelile lililoanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Waliokuja huko kwetu walikuja chini ya kivuli cha utawala wa Wajerumani, na vita vya Majimaji viliwakumba. Askofu wao Cassian Spiss aliuawa mwaka 1905. Hayo tunayakumbuka yote. Tunakumbuka pia kwamba mtu wa Masasi akiumwa sana, ndugu zake husema apelekwe Ndanda, na wa Songea husema Peramiho, na kwamba leo katika abasia za Hanga na Mvimwa wanaoimba zaburi alfajiri ni watoto wa nchi hii. Hospitali ya mahujaji ya Irache ya karne ya 11 na hospitali ya Ndanda zimetoka kwenye sura ileile ya Kanuni ileile.

Pale Rabanal wamonaki wanasali Masifu ya Jioni kwa nyimbo za Kigregoriani katika kikanisa cha kale chenye kuta zilizopasuka, na usiku wanawabariki mahujaji. Kina viti vichache. Wanaochelewa husimama na viatu vyenye vumbi. Kwenye nyumba nyingi za wageni za njia ile unalala usiku mmoja, asubuhi unaondoka kumpisha mwingine. Wamonaki wa Rabanal wamefanya kinyume: anayetaka kulala kwao hukaa angalau siku mbili. Nimewahi kusikia mahujaji wakilalamika kwamba hilo linawavurugia ratiba. Mimi nalipenda. Anayekimbizana na ratiba hawezi kuona nani amemwekea mkate shubakani.

Baada ya mlima wa O Cebreiro, ukifika Triacastela, njia inagawanyika. Ya kulia ni fupi, na wengi huishika hiyo. Ya kushoto inakuongezea kilomita sita au saba hivi, inafuata mto na vivuli vya miti, na inakushusha Samos. Ishike hiyo. Monasteri ya Samos chimbuko lake ni karne ya 6. Imekuwapo kabla hata kaburi la Yakobo halijagunduliwa. Mwaka 1951 iliungua, moto ukiwa umeanzia kwenye mtambo wa pombe ya mitishamba waliyokuwa wakiitengeneza wenyewe, na sehemu kubwa ya maktaba ikateketea. Wakaijenga upya. Wamonaki waliobaki ni wachache, wengi wao wazee, lakini bado wanapokea mahujaji kwenye bweni la kawaida kabisa, vitanda vya juu na chini, na malipo ni sadaka ya hiari.

Hapo ndipo pana uchungu wangu. Watu nusu milioni kwa mwaka, na nyumba za namna ya Samos zinahesabika kwenye vidole. Huko Grañón mahujaji bado wanalala kwenye magodoro ndani ya jengo la kanisa, na kisanduku cha sadaka kinaachwa wazi, mwenye nacho aweke na mwenye shida achukue. Lakini kilomita 100 za mwisho zimejaa wabeba mizigo wa kulipwa, vyumba vya kuwekwa mapema kwa simu, na makundi yanayotembea kwa ratiba ya wakala wa safari. Siwalaumu wenye kutafuta kitanda. Nawauliza tu wanaopanga safari hizo, siku wazee wa Samos watakapofunga lango, mnadhani nani atawafungulia?

Swali hilo si la Hispania peke yake. Kila mwaka, kuelekea tarehe 3 Juni, mahujaji wa Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo wanatembea kwenda Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda. Wanalala kwenye maparokia na mashule, na wenyeji wanawatolea maji ya kuoga na uji barabarani. Akina mama wanaochemsha uji huo hawaandikwi popote. Ukipita kwao mwaka huu, simama, waulize majina, wasaidie kuosha masufuria kabla hujaondoka. Na ukijaliwa kufika Samos, weka sadaka yako kwenye kisanduku kwa kadiri ambayo ungelipa hotelini, kisha ushuke kanisani kwa Masifu ya Jioni.